Feni ndiyo pua ya kompyuta, na Tabora kuna vumbi!

Wiki hii tuwape mapumziko wapenzi waliogombana na akina dada wanaouliza dawa ya nywele. Nataka tuongee kuhusu kitu kidogo cha plastiki, chenye mapanga saba au tisa, kinachozunguka kimya kimya ndani ya lile boksi ambalo wengi wetu tunaliita CPU. Naam, feni ya kompyuta.

Najua yupo atakayecheka. Atasema, "Huyu naye kakosa la kuandika, feni nayo ni habari?" Cheka tu. Ukimaliza kucheka, pita Kanyenye, Isevya, Ng'ambo na Chemchem, uhesabu vijana wa hapa Mboka Manyema wanaokula kwa sababu ya kompyuta moja ya mezani. Yupo anayechapa barua na mikataba ya nyumba. Yupo anayeingiza nyimbo kwenye flashi. Yupo anayejazia watu maombi ya kazi na ya vyuo kwenye intaneti. Kompyuta ikizima, na sufuria nyumbani inazima.

Na mashine zenyewe nyingi ni za mtumba. Zimetumika ofisi za Ulaya na Uarabuni, kwenye vyumba vyenye kiyoyozi na zulia, kisha zikapakiwa meli, zikapanda basi mpaka hapa kwetu. Huko zilikotoka hazikujua mwezi wa tisa wa Tabora ukoje. Hapa zinafunguliwa kwenye kibanda chenye paa la bati, mlango ukitazama barabara ya vumbi. Halafu mtu anashangaa mbona inazimika!

JOTO LINATOKA WAPI?

Tuanze mwanzo, maana mti hukaguliwa toka mzizini. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, kile kibati cha mraba kinachofanya hesabu zote. Umeme unaoingia humo karibu wote hutoka kama joto. Prosesa ya Pentium ya kwanza, iliyotoka mwaka 1993, ilikuwa inatoa joto la wati kama 15 tu. Miaka kumi na moja baadaye, 2004, baadhi ya Pentium 4 zilifika wati 115. Za mezani tunazokutana nazo sana sasa zipo kwenye wati 65 hivi. Wewe unayelea vifaranga unajua balbu ya wati 60 inavyochoma ukiisogelea. Sasa chukua joto lote hilo ulibane kwenye kitu chenye ukubwa wa kizibo cha chupa ya soda. Bila kupoozwa, hakuna kitakachobaki.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mashine za enzi hizo zilijaza chumba na kutaka chumba chenyewe kipoozwe. Leo kazi ya kile chumba imeachiwa pande la alumini lenye mapezi membamba, linalokaa juu ya prosesa, na feni inayopuliza katikati ya mapezi hayo. Ndani ya boksi la umeme, lile mafundi wanaloliita pawasaplai, kuna feni nyingine. Kompyuta nyingi zina na ya tatu, nyuma au mbele ya kasha.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Feni haitengenezi baridi. Inachofanya ni kuhamisha hewa iliyopata moto na kuleta nyingine. Kwa hiyo kompyuta haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilimo. Chumba kikipanda nyuzi nane, na prosesa inapanda kama nyuzi nane hizo hizo. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana Tabora hupita nyuzi 30 nje, na chini ya bati ni balaa zaidi. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Zikizidi hapo, mashine inazima. Ule uzito unaoulalamikia saa nane mchana mara nyingi wala si virusi. Ni joto.

Ongeza na hili. Tabora tuko mita kama 1,200 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika kumi. Feni ile ile, ikizunguka kwa mwendo ule ule, inabeba joto pungufu hapa kuliko ikiwa Bagamoyo. Kwa hiyo feni ya Tabora ina kazi kubwa kabla hata hatujalitaja vumbi.

NJIA YA MISAFARA, KILA KITUO NA ADUI WAKE

Mababu zetu wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kutoka Bagamoyo, wakapita Mpwapwa na Ugogo, wakaingia Unyanyembe, wengine wakaendelea hadi Ujiji. Reli ya Wajerumani nayo ikatokea upande huo huo wa Ugogo, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kompyuta inayotoka Dar kuja magharibi leo inafuata kwa sehemu kubwa mkondo huo huo. Na kila kituo kina adui wake.

Bagamoyo adui ni chumvi ya bahari. Inakula skrubu na kutia kutu beringi ya feni. Ugogo adui ni upepo mkavu wenye mchanga. Ujiji na Kigoma, unyevunyevu wa ziwa unalilowesha vumbi kidogo likawa kama utandu, likishika halibanduki kwa kupuliza. Na sisi wa Tabora? Sisi ni vumbi jekundu laini kama poda ya mtoto. Kwenye kibanda cha steshenari linapata mwenzake, ule ungaunga wa karatasi unaotoka kwenye printa na mashine ya fotokopi. Vikichanganyika na nywele na nyuzi za nguo, vinashikana kama kipande cha blanketi katikati ya mapezi ya alumini. Feni inazunguka kwa nguvu zote, lakini hewa haipiti. Ni sawa na mtu kukimbia huku ameziba pua.

Ndiyo maana nasema wazi: hapa kwetu feni nyingi hazifi kwa uzee. Zinauawa na vumbi, na zikifa zinataka kuondoka na kompyuta.

MZEE WA SIKONGE NA FOMU YA MWANAE

Kuna dada mmoja ana kibanda cha steshenari hapa mjini, sitamtaja jina maana hakunituma. Ana kompyuta moja, printa moja na kiti kimoja cha mteja. Miaka ya karibuni dirisha la maombi ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi limekuwa likifunguliwa miezi ya kiangazi, na hapo ndipo anapovuna. Ndicho kipindi cha vumbi pia. Mavuno yake na maradhi ya mashine yake vinakuja pamoja.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kutoa nakala. Mzee mmoja alikuwa ametoka Sikonge na basi la alfajiri, na mwanae wa kiume, na bahasha ya vyeti. Fomu imefika kati, paap! Skrini nyeusi. Dada akawasha upya. Dakika kumi, paap! tena.

"Mwanangu, hiyo mashine inaumwa?" mzee akauliza.

"Samahani baba, inapata joto tu. Tuipumzishe kidogo."

"Basi letu la kurudi linaondoka saa tisa."

Dada alishika kichwa. Wiki moja kabla yake fundi mmoja wa mtaani alimwambia ubao mama umekufa, mazabodi yaani, na dawa ni kununua kompyuta nyingine. Alikuwa ameanza kutafuta wa kumkopesha. Jirani yake anayeshona nguo, kijana aliyewahi kusomea umeme, akaja na bisibisi, akafungua ubavu wa kasha. Jamani! Chini ya feni ya prosesa palikuwa na tabaka la vumbi unene wa chapati. Akalikwangua kwa brashi, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, akatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye feni iliyokuwa inakwaruza. Nusu saa nzima. Kompyuta ikawashwa, fomu ikajazwa mpaka mwisho, mzee akaliwahi basi lake.

Mtaji wa mtu ulikuwa uuzwe kwa bei ya chuma chakavu, kumbe tatizo ni usafi. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

USIFANYE KASHA LAKO KUWA TEMBE

Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaliona tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Nyumba ya udongo, kuta nene, madirisha madogo. Waliojenga walikuwa na akili. Ukuta mnene unazuia joto la jua lisiingie. Kompyuta mambo yake ni kinyume. Joto liko ndani na linataka kutoka. Ukiibana ukutani, ukaifunika kitambaa cha kusokota na juu ukaweka kopo la maua ya plastiki, umeigeuza tembe. Tofauti ni kwamba hili ni tembe lenye moto ndani.

Upepo una njia yake. Kwenye makasha mengi, hewa ya kawaida inaingia mbele na chini, ya moto inatoka nyuma na juu. Feni ya mbele ivute kuingiza, ya nyuma isukume kutoa. Zikipulizana uso kwa uso, au zote zikitoa bila ya kuingiza, hewa inapenya kwenye matundu na nyufa ikiwa na vumbi lake. Ni vizuri inayoingia izidi kidogo inayotoka. Hapo hewa ya ndani inasukuma nje kwenye nyufa, na wewe unabaki na mlango mmoja tu wa kuchuja.

Utajuaje feni inapuliza upande gani? Nyingi zina mshale mdogo ubavuni. Usipouona, tazama upande wenye stika na vile vikono vinavyoshika injini katikati. Hewa inatokea upande huo. Mafundi wa haraka haraka wanafunga kinyume kila siku, na mteja analipa.

Kasha lisikae sakafuni, maana ufagio wa asubuhi unalilisha vumbi. Liinue hata kwenye kibao kimduara au stuli, kiasi cha goti. Liache shubiri nzima kutoka ukutani. Lisitazamane na mgongo wa mashine ya fotokopi, kwa sababu nayo inatema hewa ya moto. Na lisikae mlangoni panapopigwa na jua la saa tisa.

KUCHAGUA FENI: NUNUA KIPIMO, USINUNUE TAA

Siku hizi dukani kuna feni zenye taa za kila rangi kama disko. Muuzaji anakuwashia, macho yanacheza, hela inatoka. Lakini taa haipoozi kitu. Ukitaka feni, nenda na vitu vinne kichwani.

Cha kwanza ni ukubwa. Pima fremu kutoka ukingo hadi ukingo kwa rula ya mtoto wa shule. Zinazopatikana sana ni milimita 80, 92, 120 na 140, na unene wa kawaida ni milimita 25. Kama kasha lina nafasi ya 120, usifunge 80. Feni kubwa inahamisha hewa ile ile kwa mizunguko michache, kwa hiyo haipigi kelele na haichakai upesi. Ndogo lazima ikimbie, nayo inalia kama nyuki wa Tabora aliyechokozwa mzingani.

Cha pili ni plagi. Kuna ya pini tatu na ya pini nne. Ile ya nne inaruhusu ubao mama uiongoze: joto likipanda inakimbia, likishuka inatulia. Ya tatu inaingia kwenye soketi ya nne na ya nne inaingia kwenye soketi ya tatu, zote zinazunguka, ila huenda zikakimbia muda wote bila kupunguzwa. Tahadhari kwenye hizi mashine za ofisi za mtumba. Baadhi ya Dell OptiPlex zina plagi ya umbo lake zenyewe, na feni ya kawaida haiingii. HP nazo, zisipoiona feni ya kasha, wakati wa kuwaka zinaandika ujumbe wenye namba 512 na kukutaka ubonyeze F1. Dawa ni kwenda dukani na feni yenyewe mkononi, umwonyeshe muuzaji namba iliyoandikwa kwenye stika. Usikubali mtu akate waya aunge kwa kubahatisha rangi, kwa sababu rangi za waya hazifanani kwa watengenezaji wote.

Cha tatu ni umeme wake. Soma stika: iandikwe volti 12. Chini yake kuna ampea, na nyingi zipo kati ya 0.1 na 0.3. Soketi ya kawaida ya ubao mama inabeba kama ampea moja. Usije ukachomeka utitiri wa feni kwenye soketi moja kwa tamaa ya upepo.

Cha nne ni kinachoishika ikizunguka. Waendesha baiskeli mtanielewa haraka. Kuna feni za bushi na kuna za beringi ya gololi. Ya bushi ni rahisi na ikiwa mpya ni kimya kabisa, lakini joto linakausha mafuta yake, na ikifungwa kwa kulala inachoka mapema zaidi. Ya gololi ina mvumo kidogo ila inavumilia joto. Ipo pia aina ya tatu, inayoelea kwenye mafuta yaliyofungiwa ndani. Hiyo ni kimya na ya kudumu, bei yake imesimama. Kwa kibanda cha bati Tabora, kama mfuko unaruhusu, chukua ya gololi au ya mafuta. Kama hauruhusu, ya bushi isiyo na taa ni bora kuliko ya taa isiyo na jina.

Kabla hujalipa, ishike. Izungushe kwa kidole, inatakiwa izunguke laini na kusimama taratibu, si kukwama ghafla. Itikise mapanga kwa upole. Yakicheza kama meno ya kibogoyo anayebakiza mawili, rudisha. Feki zipo kibao.

KUISAFISHA: BRASHI, PAMPU NA KIJITI

Hii ndiyo sehemu inayookoa pesa. Vifaa vyenyewe havizidi vinne: bisibisi, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, pampu ya baiskeli na kijiti cha ufagio.

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Itoe nje, ukae upande upepo unakotoka, funga pua kwa kitambaa. Fungua ubavu. Kabla hujagusa chochote ndani, shika chuma cha kasha, maana mwili nao una umeme wake mdogo na unaweza kuua ramu bila wewe kusikia kitu.

Ingiza kijiti kati ya mapanga ili feni isizunguke, halafu ndiyo upulize. Watu wanapenda kuisikia inavuma, lakini feni ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaumiza beringi yake, na inaweza kugeuka jenereta ikarudisha umeme kwenye ubao. Piga brashi kila panga, mbele na nyuma. Mapezi ya alumini ndiyo muhimu kuliko yote: chungulia kwa tochi, usipouona mwanga upande wa pili, bado hujasafisha.

Sasa sikiliza hili. Msiniletee habari za kupeleka kompyuta kwa mziba pancha akaipulize kwa ile mashine ya kujazia matairi ya lori. Lile tangi lina maji yaliyojikusanya ndani na mafuta ya injini, na nguvu yake inang'oa vitu. Kitambaa kibichi nacho hapana. Na usifungue boksi la pawasaplai. Hata likichomolewa, lina vifaa vinavyoweza kuweka umeme mkali kwa muda, na umeme hauna undugu. Lipulize kutoka nje kwenye matundu yake, inatosha. Feni yake ikigoma, mpe fundi anayejua.

Feni ya bushi ikianza kukwaruza, bandua stika ya katikati, tia tone moja la mafuta ya cherehani, bandika tena. Tone moja, si kijiko! Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi, usithubutu. Na ujue hiyo ni huduma ya kwanza. Feni iliyokwisha kukwaruza inakupa muda wa kutafuta nyingine, haijapona.

Ukilazimika kung'oa lile pande la alumini, futa pesti kuukuu iliyokauka katikati yake na prosesa, uweke mpya kiasi cha punje ya choroko. Wengine wanapaka kama siagi kwenye mkate. Kazi ya pesti ni kuziba vinyufa tu, na ikizidi inakuwa yenyewe kizuizi.

Chujio nalo ni la kujitengenezea. Kipande cha soksi ndefu nyepesi za akina mama, kikivutwa mbele ya tundu la kuingizia hewa, kinanasa vumbi vizuri kuliko chandarua, ambacho matundu yake ni makubwa. Lakini kila wiki kikung'ute, kwa sababu chujio lililojaa ni sawa na blanketi. Tundu la kutolea hewa usiliwekee kitu. Na kama feni inatetemesha kasha zima, kata vipete vya tyubu kuukuu ya baiskeli uweke kwenye skrubu. Kelele itapungua bila kwenda popote.

DALILI ZA KUKIMBIA MAPEMA

Kompyuta haifi kimya kimya. Inaanza kuwa nzito mchana na nyepesi asubuhi. Feni inanguruma kama lori linapanda mlima hata ukiandika barua tu. Nyuma inatoka hewa ya moto hafifu, au haitoki kabisa. Inazima ghafla ukifungua video. Ukiona hayo, ingia kwenye ile kurasa ya mipangilio inayotokea mashine inapowaka. Nyingi zinaonyesha nyuzi za joto la prosesa na mizunguko ya feni kwa dakika. Ukikuta nyuzi 45 mashine haifanyi kazi, tulia. Ukikuta 75 na hujafungua chochote, zima ukasafishe. Ukikuta mizunguko ni sifuri, feni imekufa, usiendelee hata dakika tano.

Na hii tabia ya kuacha ubavu wazi na kuielekezea feni kubwa ya mezani? Kwa siku moja ya dharura, sawa. Kila siku, hapana. Unapooza leo na unamwaga ndoo ya vumbi la kesho, tena unawafungulia milango mijusi na sisimizi.

KATA UBANDIKE UKUTANI

Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi: pangusa matundu na chujio kila wiki, fungua na kusafisha ndani kila baada ya miezi miwili. Wakati wa mvua vumbi linapungua, mara moja kabla hazijaisha inatosha. Kabla ya msimu wa fomu, sikiliza feni zote moja moja. Weka moja ya akiba droo ya meza, ya ukubwa wako na plagi yako, kama unavyoweka tyubu ya akiba ya baiskeli. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya siku tatu bila kazi. Na fundi akikwambia kompyuta imekufa, mwambie kwanza aifungue mbele ya macho yako, mhesabu pamoja vumbi lililomo.

Mwenye mtaji mdogo hana ruhusa ya kuuacha ufe kwa uchafu. Kwa leo naweka kalamu chini. Wiki ijayo nitarudi kwa wale wapenzi waliogombana, kama hawajapatana wenyewe.